Mti Alioufunga Don Nicomedes

Siku niliyomwona don Nicomedes Mangandí kwa mara ya kwanza, niliziona nyayo zake kabla ya uso. Zilikuwa zinaning'inia juu ya kichwa changu katikati ya moshi, nyeusi kwa masizi. Nilikuwa napanda mlima wa Tepeahua tangu asubuhi nikiulizia kazi, kwa sababu shamba la kahawa nililokulia lilikuwa limetuachisha wote. Mwaka ule bei ya kahawa ilianguka vibaya hata matajiri wakaacha buni ziozee mitini. Mwanamke mmoja njiani aliniambia niende kwa mkwezi wa zeri, maana wasaidizi wake wa chini hawakai.

Nilisimama chini ya mti nisijue nianze vipi. Mimi si mtu wa kuanza maneno. Nikakohoa.

"Kama ni mbwa, pita," sauti ikasema kutoka juu. "Kama ni mtu, sema."

"Ni mtu."

"Mtu gani anakohoa kama amekuja kuposa? Nifungie hilo furushi la vitambaa kwenye kamba. Siyo hiyo! Hiyo ndiyo inayonishika mimi. Unataka kuniua hata jina lako sijalijua?"

Nikafunga furushi kwenye kamba nyingine, akalivuta.

"Jina?"

"Lisandro Crespín, don."

"Una mke, Lisandro?"

"Sina."

"Sishangai. Unaogopa kwenda juu?"

"Naogopa."

"Vizuri sana. Mtu wa chini asiyeogopa huanza kutamani kuja huku, na mimi nikabaki bila mtu wa kunichemshia. Weka kofia yako pale, uchochee moto."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Sikuulizwa nilisoma mpaka wapi, na nilishukuru, kwa kuwa niliishia shule ya msingi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mkwezi hukaa juu ya kipande cha ubao kilichofungwa kamba, kama pembea, akajivuta mpaka anapopataka. Huko hulichoma gome kwa mwenge wa vijiti, polepole, mpaka mti uanze kutoa jasho. Halafu hubandika kitambaa kikuukuu juu ya jeraha na kukiacha kinywe zeri. Siku zikipita hukibandua na kukitupa chini. Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza. Nilivichemsha vitambaa katika sufuria kubwa, nikavikamua kwa kamba na kijiti cha kuisokotea mpaka mikono ikawaka moto, na zeri nzito, nyeusi kama asali iliyoungua, ikazama chini ya maji. Harufu yake haitoki mwilini. Mpaka leo nikitoka jasho nanukia zeri.

"Unajua hii wanaiitaje huko ng'ambo?" aliniuliza wiki ya kwanza, tukila tortiya, vile vimkate bapa vya mahindi, na maharage kivulini.

"Sijui."

"Zeri ya Peru."

"Peru kuna miti hii?"

"Mimi nitajuaje? Sijafika Peru. Wahispania walikuwa wanaipakia pale bandarini Acajutla, inapelekwa Peru, kutoka Peru inakwenda kwa mfalme. Mfalme akauliza, hiki kitu kizuri kimetoka wapi? Wakamwambia, Peru." Akacheka mpaka tortiya ikamtoka mkononi. "Miaka mia nne tunaungua matako huku juu, jina wamechukua watu ambao hawajawahi kuuona mti wenyewe!"

Alipenda kuzungumza namna hiyo. Mababu zake walikuwa wakilipa kodi ya zeri katika mitungi ya udongo. Babu wa mama yake alifia kwenye madimbwi ya nili, akiipigapiga ile rangi ya bluu ndani ya maji yanayooza. Baadaye nili ikakosa soko, milima ikavuliwa miti ikavikwa kahawa, na ardhi iliyokuwa ya vijiji vizima ikawa na mwenye nayo mmoja. Yeye alizaliwa mwaka ule ule wa mauaji, thelathini na mbili, wanajeshi walipowamaliza watu wa lugha yetu ya zamani. Mama yake akiwa na mimba alijificha katika miti hii hii ya zeri. Aliposhuka alikuwa amevaa gauni la watu wa mjini, na tangu siku ile hakutamka tena neno moja la lugha yake, hata usingizini.

"Nchi hii ndogo, Lisandro, ukitema mate huku yanaangukia nchi ya jirani," alisema siku nyingine. "Lakini imeuza! Imeuza bluu, imeuza kahawa, imeuza pamba. Sasa imebaki kuuza vijana. Wanakwenda kaskazini kuosha sahani, wanatuma dola. Na dola zenyewe ona." Akatoa noti mfukoni. Ulikuwa mwaka ule serikali ilipotuondolea koloni, pesa zetu za zamani, ikatuletea dola. "Koloni ilikuwa na rangi zake, hata mlevi aliijua. Hizi zote zina rangi moja na ukubwa mmoja. Hii ni ya ngapi?"

"Ya dola tano, don."

"Umeona? Mpaka uulize."

Kila mtu mlimani alikuwa akiuliza, mimi pia. Sikuona ajabu yoyote.

Mkewe aliitwa niña Cleotilde. Huku kwetu mwanamke wa heshima tunamwita niña, kama mwanaume anavyoitwa don, hata akiwa na mvi kichwa kizima. Alikuwa mfupi, mkali, mwenye mikono ya haraka. Nyumba yao ilikuwa ya fito na udongo, ukingoni mwa shamba, mlango wa bluu, ngazi ya jiwe iliyovunjika upande. Siku yangu ya kwanza niliteleza pale nikakaribia kuvunja shingo.

"Kesho nitaitengeneza, niña," nikasema.

"Usiiguse."

"Mtu ataumia."

"Basi aumie. Usiiguse."

Don Nicomedes alinivuta pembeni akanieleza. Walikuwa na mtoto wa kiume, Evelio. Mwaka wa themanini na moja, vita vikiwa vimeanza kuwaka, alishuka kwenda sokoni Teotepeque kununua chumvi na betri za redio. Wanaume wenye sare walimshusha kwenye basi. Alikuwa na umri wa miaka kumi na saba. Hakuna aliyemwona tena, hai wala maiti. Walitembea kambi zote na makaburi yote. Vita vikaisha, amani ikatiwa saini, wakubwa wakapeana mikono kwenye televisheni. Evelio hakurudi. Niña Cleotilde alisema yuko mahali fulani, labda walimpiga kichwani akasahau, na siku akikumbuka atakachokumbuka ni nyumba hii. Kwa hiyo nyumba haibadiliki. Tetemeko la Januari lilipoangusha ukuta mmoja, watu wa msaada walileta mabati na kuwaonyesha kiwanja tambarare karibu na barabara. Aliwafukuza. Waliujenga upya ukuta ule pale pale, udongo ule ule, wakapaka mlango bluu ile ile.

"Na wewe don, unaamini atarudi?" nikauliza.

"Mimi naamini mke wangu akitolewa hapa atakufa. Hilo naliamini."

Lakini nyumba haikuwa yao. Ilikuwa ya don Ovidio Ascencio, mwenye shamba, kama miti ilivyokuwa yake. Mpango wa mlima mzima ulikuwa huo tangu enzi za babu yake: anayekwea ndiye anayelala katika nyumba ya mkwezi. Ukiacha kukwea, unatoka, na anayekuja baada yako anaingia. Hapakuwa na karatasi, wala hakuna aliyehitaji karatasi. Don Nicomedes alikuwa karibu miaka sabini, na kila asubuhi alijivuta juu ya mti ili mkewe alale nyuma ya mlango wa bluu.

Alikuwa na tabia ya kunipima. Akiwa juu, mwenge mkononi, huniita, "Haya, mwanafunzi! Jeraha la mwaka jana liko wapi hapa?"

"Upande wa mawio, don, usawa wa bega lako."

"Na barabara?"

"Kushoto kwako. Upana wa viganja viwili."

"Hewaa. Una macho, wewe. Macho ndiyo kazi."

Barabara ndilo neno letu la sehemu ya gome isiyoguswa na moto. Huchomi mti wote. Unachoma vipande vipande, na daima unaacha barabara moja ya gome hai kutoka mizizini mpaka kwenye majani, ili mti upitishe chakula chake. Ukichoma mpaka majeraha yakakutana pande zote, umeufunga mti. Mti uliofungwa hufa. Haufi siku hiyo. Unaendelea kusimama kijani wiki nyingi, kama mtu aliyekunywa sumu bado anasalimia majirani. Kwa wakwezi hakuna aibu inayopita hiyo. Niliwahi kusikia mtu wa Jicalapa akitambulishwa msibani hivi: "Huyu ni mtoto wa yule aliyefunga mti."

Basi akinipima nilifurahi. Hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia nina macho.

Mwezi wangu wa pili kazini nilishikwa na homa ya mbu, ile ya kuvunja mifupa. Nililala kwa dada yangu bondeni, sijui usiku wala mchana. Nilipoweza kusimama nilirudi mlimani nikijishikilia kwenye uzio. Wakati wote huo don Nicomedes alifanya kazi peke yake. Niña Cleotilde hakuweza kumsaidia, kwa maana wakwezi wa mlima ule hawaruhusu mwanamke apite chini ya mti unaochomwa. Wanasema zeri hukauka. Aliacha chakula kwenye jiwe mbali akarudi.

Mti mkubwa kuliko yote shambani tuliuita Mjane, kwa kuwa ulisimama peke yake kwenye kilima. Nilifika kwanza hapo. Niliuzunguka. Nikauzunguka tena, nikidhani homa bado imo kichwani. Weusi ulikuwa umeuzunguka mti mzima kama mshipi.

Don Nicomedes alikuwa amekaa juu ya mzizi, anasuka kamba.

"Umepona?"

"Nimepona, don."

"Umekonda. Hatua zako hazina uzito." Aliendelea kusuka. "Mbona kimya? Wewe husemi sana, lakini si hivi."

"Don Nicomedes," nikasema, "barabara ya Mjane iko wapi?"

Akacheka. "Leo wewe ndiye unanipima? Iko upande wa bonde."

"Upande wa bonde umechomwa."

"Basi upande wa mlima."

"Na wa mlima umechomwa, don."

Kamba ikamwanguka. Akainuka, akanyoosha mikono mbele yake namna ambayo sikuwahi kumwona akifanya, akaufikia mti. Alishika kamba, akajivuta mpaka penye majeraha, akaanza kupapasa. Viganja vyake vilikwenda taratibu, kidole kwa kidole, na mwili ukazunguka pamoja na pembea. Alipofika alipoanzia alisimama. Akaweka paji la uso kwenye gome.

"Nimeufunga," akasema. "Mama yangu mzazi, nimeufunga."

Ndipo nilipoelewa maswali yale yote. Hakuwa akinipima. Alikuwa akitumia macho yangu.

Aliniambia yote akiwa bado ananing'inia, kana kwamba kushuka kungemzuia kusema. Ilikuwa presha ya macho. Daktari wa mjini alimwambia kwamba iliyokwisha kupotea hairudi, hata kwa kisu. Kwanza pembeni pakaingia giza, akabaki anaona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kisha mwanzi nao ukaziba. Alikuwa anaona mwanga na kivuli tu.

"Niña Cleotilde anajua?"

"Anajua. Yeye ndiye anayenifunga kamba za viatu. Unadhani ni mapenzi?"

Alijaribu kucheka, lakini hakuweza.

Tulijaribu kuuokoa. Alisema aliwahi kusikia kwa baba yake kwamba gome linaweza kuunganishwa, kama nguo. Nilikata vipande virefu vya gome bichi kutoka kwenye mti mchanga, navyo nikavifikisha kwake. Yeye aliyakwangua majeraha kwa kisu mpaka penye unyevu, akavipachika vile vipande kama madaraja kutoka gome la chini hadi gome la juu. Tukakanda udongo mfinyanzi na kinyesi cha ng'ombe, tukapaka, tukafunga vitambaa. Siku ile niña Cleotilde alikuja mpaka chini ya Mjane, desturi au si desturi, na ndoo ya maji kichwani.

"Rudi nyuma, mwanamke!" don Nicomedes akamwambia. "Zeri itakauka."

"Ikauke mara ngapi?" akajibu. "Sogeza mguu, unanimwagia maji."

Kila asubuhi tulimwagilia. Alikuwa akiniuliza kitu kile kile kabla hata ya salamu. "Majani?"

"Ya kijani, don."

"Kijani cha kweli, au kijani cha kunifariji?"

"Cha kweli."

Na ilikuwa kweli, mpaka mwisho wa mwezi wa nne. Siku moja niliona tawi la juu limebadilika, rangi ya tortiya iliyobaki tangu jana. Nilishindwa kusema. Alingoja jibu, halikuja, akakaa chini pale pale alipokuwa amesimama. Nilipofungua vitambaa, madaraja yetu yote yalikuwa makavu, yakanivunjikia mkononi kama maganda ya karanga.

"Labda mvua ikinyesha," nikasema.

"Mvua inakwenda kwa walio hai, Lisandro."

Don Ovidio alikuja wiki ile kuchukua mapipa ya zeri, na gari lake la mizigo na dereva. Mtu mnene, mpole, aliyekuwa akipumua kwa shida mlimani. Hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo kwa sababu watu wakisikia habari hii hutaka awe mbaya. Alitazama Mjane kutoka mbali, akavua kofia yake, akaiacha garini, akaja kwa miguu.

Don Nicomedes alikuwa amelisikia gari. Kabla sijamzuia alikuwa kwenye kamba, tayari yuko juu ya mti wa jirani na mwenge unaowaka, anachoma kama kijana.

"Nicomedes!" don Ovidio akaita. "Shuka tuzungumze."

"Nina kazi, don Ovidio! Wewe sema tu, masikio hayana kazi."

"Mjane unakufa."

"Ni wadudu, don. Wameingia mizizini."

Don Ovidio alipapasa ule mshipi mweusi wa Mjane. Akamtazama yule mzee kwa muda, mwenge wake ukienda pembeni ya jeraha, unachoma hewa.

"Nicomedes, nimevaa kofia ya rangi gani?"

Nilitaka kumpigia ishara, lakini ishara gani unampigia mtu asiyeona?

"Nyeupe, kama siku zote," don Nicomedes akasema. Akausimamisha mwenge. "Au umenunua nyingine? Mimi sikupanda huku kutazama makofia ya watu."

"Sina kofia, kaka yangu."

Mwenge ukaanguka. Nikaukanyaga ukazimika.

Alishuka pole pole. Niña Cleotilde alikuwa ameshafika, mikono ina unga wa mahindi. Tulisimama wanne chini ya mti, na dereva akajifanya anakagua magurudumu.

"Don Ovidio," niña Cleotilde akasema, "usituondoe. Nakuomba kama ninavyomwomba Mungu. Tuondolee kila kitu, nyumba tuachie."

"Niña Cleo, nyumba ni ya mkwezi. Baba yangu alimtoa mjomba wake mwenyewe alipovunjika nyonga. Nikiiacha desturi hapa, wakwezi wangu wa mashamba mengine watasemaje?"

"Evelio atakwenda wapi akija?"

Don Ovidio akaangalia chini. Mlima wote ulimjua Evelio. Yeye mwenyewe alikuwa amecheza naye mpira.

Akanigeukia mimi. "Wewe. Unaweza kukwea?"

"Naogopa, don."

"Usipokwea wewe, nitaleta mtu kutoka Jicalapa. Ana watoto watano, atahitaji vyumba vyote."

Katika maisha yangu sijasema maneno mengi ambayo nayakumbuka. Hayo nayakumbuka. Nilisema, "Nitakwea. Lakini wao wabaki. Mimi nitalala jikoni."

Don Ovidio alifuta jasho. Nikaona ameshapata njia na ameshukuru kuipata. "Haya. Nyumba iwe ya Lisandro, nao ni wageni wake. Lakini wewe, Nicomedes, nakujua tangu nikiwa mtoto. Nikigeuka tu utakuwa juu. Sitaki siku moja nije kukuokota chini ya miti yangu. Uniapie hutapanda tena, halafu nitakwenda zangu na habari imekwisha."

"Naapa," don Nicomedes akasema haraka.

"Siyo hivyo. Apa kwa jina la Evelio."

Don Nicomedes akafunga mdomo.

Niña Cleotilde akamshika shati. "Apa, Nico. Sema tu. Maneno mawili."

"Siwezi."

"Apa, mwanaume!" Akampiga kifuani kwa ngumi, na unga ukabaki kwenye shati. "Umeapa mambo mangapi ya uongo maishani mwako? Uliapa huendi kwa yule mwanamke wa Mizata, ukaenda! Apa na hili!"

"Cleo, nisikilize. Huyu kijana anaogopa. Mwezi ujao atashindwa, au ataanguka, au atakimbia, na simlaumu. Siku hiyo mtu wa Jicalapa atasimama mlangoni na watoto wake. Nami nitapanda. Najijua. Nitapanda hata nikiwa sina mikono. Na nikiwa nimeapa kwa jina lake, laana itamwangukia nani?" Sauti ikamkatika. "Kama yuko hai mahali, itamwangukia nani?"

Niña Cleotilde akamwachia shati. Alikaa kwenye mzizi wa Mjane akajifunika uso kwa aproni.

Don Ovidio hakutegemea jibu hilo. Nadhani kama angejua asingeuliza. Lakini sharti lilikuwa limekwisha kusemwa mbele ya watu, naye akalifuata, kama watu wa aina yake wanavyofanya. Niña Cleotilde angebaki katika nyumba, ampikie mkwezi, ambaye sasa ni mimi. Don Nicomedes angekwenda Acajutla kwa binti yao Ermelinda, aliyekuwa akiuza samaki wa kukaanga karibu na bandari, katika chumba kimoja na mume na watoto. Gari lingemchukua safari ijayo ya mapipa.

Katika siku zile zilizobaki alinifundisha. Aliketi chini akiushika mti kwa kiganja, akisikiliza.

"Umefika?"

"Bado, don."

"Mbona unapumua kama unazaa? Kalia ubao, usiukumbatie. Mti si mama yako."

Nilitapika mara ya kwanza. Nilitapika na mara ya pili. Mara ya tatu nilichoma jeraha langu la kwanza na mti ukatoa jasho, naye akainusa hewa akasema, "Umechoma mno, lakini ni zeri." Kisha akauliza barabara iko wapi, nikamwambia, akaniambia nirudie tena, na tena, mpaka nikakasirika. Mume na mke hawakuwa wakizungumza. Nikiwa jikoni nilikuwa nikisikia ukimya wao kupitia ukuta, nao ulinizidia kuliko magomvi.

Sikumwona tena baada ya gari kumchukua. Aliishi Acajutla miezi michache. Ermelinda alisema alikuwa akikaa mlangoni akiwauliza wapitao kama mvua imefika milimani. Homa ya mapafu ikamchukua kabla ya Krismasi. Niña Cleotilde alishuka kuzika, akarudi siku ile ile, na viatu vya msiba mkononi, akaingia ndani kuwasha moto. Mjane tuliukata kuni. Evelio hajarudi. Mimi bado nakwea, na bado naogopa.

Asubuhi ile ya kuondoka don Nicomedes alikuwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. Niña Cleotilde ndiye aliyelipiga pasi, lakini hakutoka nje. Nilimshika mkono, nikamvusha ngazi iliyovunjika, nikamwongoza hadi kwenye gari. Dereva alikuwa amemwekea gunia la kukalia mbele, yeye akakataa, akasema atakaa nyuma na mapipa, huko harufu anaijua. Nikampandisha. Alishika ukingo wa gari kwa mikono yote miwili, uso ameuelekeza kwenye nyumba, ingawa kidogo upande, usawa wa banda la kuku.

"Yuko mlangoni?" akauliza.

Nikatazama. Mlango ulikuwa umefungwa.

"Yuko, don."

Sijui kama aliniamini. Gari likawashwa, likatetemeka, mapipa yakagongana. Aliinama mpaka mdomo ukanikaribia sikio, na mkono wake mgumu, wenye makovu ya moto, ukanitafuta bega.

"Lisandro," akasema, "huo mlango usiutie komeo usiku. Yule mtoto tangu udogo wake hajui kupiga hodi."